Wiki ya Jeusi na Jeupe

Jumapili, tarehe 2 Machi

Nimesema uongo. Haukuwa mkubwa ulipotoka mdomoni. Umekulia mezani.

Tulikuwa kwa mama mkwe, chakula cha mchana. Mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu, tangu anunue kigari chake amesahau kwamba suruali ina mifuko. Funguo akazitupa mezani, kando ya sahani yangu. Kando ya sahani yangu! Meza nzima ilikuwa na nafasi. Halafu akasimulia jinsi alivyompeleka mama mkwe sokoni na kumrudisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mama mkwe akamshukuru na kumwongeza nyama. Mimi nikapata shingo.

Ndipo nikasikia mtu anasema kwamba na yeye yuko mbioni kununua gari, ila uchaguzi unamsumbua. Kuna jeusi la Kijerumani na jeupe la Kijapani. Yote mawili marefu, ya kifahari, yale ambayo mtu akipanda anawaona wenzake utosi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Shemeji, mke wa Mwanyumba, aliacha kijiko hewani. Mwanyumba akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mwenye homa, nitalinunua na nini. Nikasema kiwandani kuna mpango maalumu wa viongozi. Mimi ni msimamizi wa stoo katika kiwanda cha magodoro. Ninaongoza mtu mmoja, na huyo naye kila Ijumaa anaazimwa na watu wa usafi.

Mke wangu hakusema neno. Mshahara wangu anaujua kuliko ninavyoujua mimi. Aliendelea kukusanya sahani, ila alizikusanya kwa kelele.

Aibu ilinishika njia nzima ya kurudi. Tulirudi kwa miguu.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Niliamka na nia safi ya kukanusha. Kabla sijamaliza kupiga mswaki, shemeji alikuwa ameshapiga simu mara tatu. Yeye anataka Jeusi. Mama mkwe anataka Jeupe. Wamegawanyika kabisa. Nikaona kukanusha leo ni kuvuruga familia.

Baada ya kazi nikapita kwenye yadi ya magari. Kuangalia tu, ili uongo wangu uwe na ukweli kidogo ndani yake. Nilivaa koti la harusi yangu. Linanibana kwapani, kwa hiyo nilitembea kama mtu aliyebeba matikiti mawili.

Nikapokewa na dada wa mauzo. Kijana, mchangamfu, viatu vimepigwa rangi juu ya nyufa. Akaniletea kahawa kwenye kikombe kidogo cha kutisha. Aliuliza ninafanya kazi gani. Nikasema niko kwenye sekta ya usingizi. Akaandika!

Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba yuko kwenye miezi yake mitatu ya kuangaliwa kazini, mwezi wa pili umeisha, hajauza hata moja, na mimi ni mteja wa kwanza kumuuliza swali la pili. Dhamiri ikanichoma. Nikanywa kahawa yote kwa mkupuo ili niondoke. Akaleta nyingine.

Jeusi lina viti vinavyokanda mgongo. Jeupe lina friji ndogo katikati ya viti. Nilikaa ndani ya Jeusi, akabonyeza kitufe, kiti kikaanza kunikanda taratibu kuanzia kiunoni. Machozi yalinilengalenga. Sijui lini mara ya mwisho mtu aliuhurumia mgongo wangu.

Nimeondoka na vijitabu viwili. Nilipofika nyumbani nimeviweka chini ya godoro.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku nzima nimesoma vijitabu nyuma ya magodoro ya futi sita. Kuchagua si kazi nyepesi. Jeusi lina nguvu, Jeupe lina adabu. Friji ni kitu kizuri, lakini niweke nini ndani? Kiti cha kukanda ni kizuri, lakini mke wangu akikizoea?

Saa kumi nikaazima futi ya stoo, nikaenda kupima njia ya kwetu. Gari haliwezi kununuliwa kichwakichwa. Matokeo: Jeusi linazidi njia kwa shubiri moja kila upande. Jeupe linazidi kwa vidole vinne tu. Nikaruka kwa furaha. Jeupe limeshinda! Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ukuta wa jirani ubomolewe wapi nilipokumbuka kwamba sinunui gari.

Mke wangu alinikuta nimepiga magoti njiani na futi mkononi. Akauliza napima nini. Nikasema mtaro. Kwetu hakuna mtaro. Alinitazama kwa muda, akaniomba nikimaliza mtaro nimletee mkate.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yeye ni fundi cherehani, amewashonea watu maisha yake yote, na sasa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Kila asubuhi jirani yake humtungia sindano kumi, zikiisha anakaa na mikono mapajani. Miezi saba amesubiri nafasi ya kupasuliwa jicho la kwanza. Nafasi imepatikana: keshokutwa Ijumaa. Karatasi ya hospitali inasema afike saa mbili na nusu asubuhi, na atakayechelewa nafasi yake anapewa anayefuata.

Mipango yote ilikuwa imekamilika. Mwanyumba aliomba ruhusa kazini ampeleke. Leo mchana mama mkwe amempigia simu Mwanyumba na kumwambia asijisumbue. Kigari chake ni kifupi, na nyonga yake mama mkwe haikunjiki. Atapelekwa na mkwe wake mwingine, mwenye gari refu.

Mkwe mwingine ni mimi. Hakuna mwingine.

Alinipigia mwenyewe kunipa habari. Sauti yake ilikuwa ya furaha mpaka nikainamisha kichwa kana kwamba ananiona. Akasema hajali ni Jeusi au Jeupe, hata hivyo rangi hazitofautishi vizuri. Akaniombea dua ndefu. Ukweli ulitakiwa kuanza na neno moja tu, “Mama.” Nililisema. Halafu nikaongeza kwamba nitakuwa mlangoni saa mbili kamili.

Ulimi huu utaniua.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimepewa mlango wa kutokea, nikaufunga mwenyewe kwa komeo.

Mwanyumba alikuja kiwandani. Hajawahi kuja. Alisimama stooni katikati ya magodoro, funguo mfukoni, kwa mara ya kwanza. Akasema taratibu kwamba kama kuna shida yoyote kuhusu kesho nimwambie tu, yeye atampeleka mama, na tutasema gari langu limechelewa kwenye karatasi. Hakuna atakayejua. Hakucheka. Hakuinua hata nyusi. Angecheka kidogo tu ningemwambia ukweli, naapa! Lakini alinionea huruma, na huruma yake ilinikera kuliko funguo zake.

Nikamwambia karatasi zote ziko tayari. Nikamuuliza kama kigari chake bado kinatoa moshi. Akaondoka.

Basi nimekula njama na nafsi yangu. Yadi wanaruhusu mteja kulijaribu gari kabla ya kununua. Masharti: dada wa mauzo anakaa humo ndani, nusu saa tu, na njia ni ileile ya siku zote, mzunguko wa kupita barabara kubwa na kurudi. Nyumba ya mama mkwe iko kwenye mzunguko huo. Hospitali haiko. Ni kukata kushoto kidogo tu. Nani atagundua kushoto?

Dada wa mauzo nimemwambia kwamba mama mkwe ndiye mwenye kauli ya mwisho katika familia, lazima alipande yeye kwanza. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Mama mkwe nitamwambia kwamba yule dada ni mtu wa kampuni, ananielekeza vitufe. Kila mmoja ana uongo wake, hawagusani. Mpango hauna tundu.

Nimechagua Jeupe. Kwa sababu ya vile vidole vinne.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na Jeupe: halikuwepo. Limetoka na mteja wa kweli. Nikapewa Jeusi. Siku nne za kuchagua, kumbe gari nachaguliwa.

Mlango wa nyuma umeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa kama za duka: GARI LA MAJARIBIO. Nilishtuka, kisha nikakumbuka macho ya mama mkwe. Nikashukuru. Nilishukuru kwamba mama wa watu haoni! Naandika hili hapa ili niliangalie vizuri.

Saa mbili na dakika kumi tulikuwa mlangoni. Mama mkwe katoka na nguo aliyoishona mwenyewe, kitambaa kipya kichwani. Akalipapasa gari kuanzia taa mpaka kitasa. Akasema ni gari la maana. Majirani wakatoka. Kwa dakika moja nzima nilikuwa mtu.

Halafu akatakiwa kupanda. Gari refu lina shida moja ambayo vijitabu havikuitaja: ni refu. Nyonga isiyokunjika kwenda chini haikunjiki kwenda juu pia. Aliweka mguu mmoja, wa pili ukagoma. Dada wa mauzo akaingia upande wa pili akamvuta mikono. Ilihitajika mtu wa kumsukuma kutoka nyuma. Nyuma yake nilikuwa mimi.

Mama mkwe wangu! Nimsukume wapi? Nilisimama na mikono hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nikajaribu kumsukuma kwa mkoba wake mwenyewe. Nikaomba mto. Majirani walikuwa wanashika mbavu. Mwisho yule jirani wa sindano alinisogeza kando, akaleta stuli na bega lake, na mama akaingia. Saa mbili na dakika ishirini na tano. Mke wangu, aliyefika mapema kumwandaa mama yake, alikuwa amesimama kizingitini. Hakuja kusaidia. Alikuwa amefumba macho.

Tukaondoka. Dada wa mauzo, maskini, alitaka kuuza. Akageuka na kubonyeza kile kitufe cha kiti. Mama mkwe akapiga ukelele kwamba kuna mtu nyuma ya kiti anamshika kiuno. Nikayumba. Karibu tumpitie mwendesha baiskeli. Tulipomtuliza nikakata kushoto.

Kumbe gari linajua. Likitoka kwenye mzunguko linapeleka taarifa yadi lenyewe. Hatukufika mbali, simu ya dada ikalia. Bosi wake. Sauti ilisikika gari zima: lirudishwe sasa hivi, na yeye afike ofisini. Dada akaniangalia. Akaniomba turudi. Nikamwomba dakika kumi. Akasema kazi yake itaondoka. Kisha, kwa kudhani kwamba mauzo yatamwokoa, akamgeukia mama mkwe na kumuuliza kwa heshima zote kama gari limempendeza, ili tukirudi yadi atie sahihi.

Mama mkwe akauliza sahihi ya nini.

Dada akasema ya kununua. Mama mkwe akasema gari si lake, ni la mkwe wake, limeshanunuliwa. Dada akasema hapana mama, hili ni la yadi, mkwe wako alisema wewe ndiye unayeamua.

Nilikuwa naangalia barabara. Nimeiangalia barabara ile kuliko dereva yeyote aliyewahi kupita pale. Niliomba mama mkwe anitukane. Alichouliza ni saa ngapi. Nikamwambia. Akakivua kitambaa chake kichwani, akakikunja mapajani mara mbili.

Ningeweza kuendelea kushoto. Lakini dada alikuwa analia kimyakimya, anajifuta kwa kijitabu cha Jeupe. Nikageuza. Huo ndio uamuzi pekee nilioufanya wiki hii na hata huo sijui kama ulikuwa sahihi.

Mama mkwe aliketi kwenye kochi la wateja, katikati ya magari yanayong'aa, akapewa chupa ya maji. Na mimi, mbele ya bosi wa yadi, nikampigia simu Mwanyumba.

Alifika bila kuuliza lolote. Mlango wa mbele wa kigari chake ulipofunguliwa nikaona: kiti kimesukumwa nyuma kabisa, na juu yake kuna kipande kinene cha godoro kilichokatwa kwa kisu, kimevishwa foronya. Alikuwa amekipima. Mama mkwe alikaa kama anayekaa kitandani, akageuza miguu, akaingia. Mtu hakumsukuma. Mimi ndiye mtu wa magodoro. Nalala na magodoro, naamka na magodoro, nanuka magodoro. Sikuwahi kufikiria.

Walifika saa tatu na robo. Jina lilikuwa limerukwa. Tarehe mpya ni ya mwezi wa sita.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu ameongea. Amesema alijua tangu Jumapili, tangu shingo ile ya kuku. Alinyamaza kwa sababu hakutaka dada yake anicheke. Amesema kwamba kunyamaza kwake kumemkosesha mama yake jicho, na kwamba ananionea aibu mimi na anajionea aibu yeye. Alisema bila kupaza sauti, huku anakunja shuka. Nilishika ncha ya pili ya shuka kumsaidia. Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akakunja peke yake.

Nilipita yadi kumwomba radhi dada wa mauzo. Nimeambiwa ameachishwa. Yuko nyumbani, na hawatoi namba za watu. Wakaniomba nisirudi. Kwa adabu, lakini nilisindikizwa mpaka barabarani.

Kisha nikaenda kwa mama mkwe. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikayafanyia mazoezi njiani. Nilipoingia yakapotea yote. Nikasema nimekosa, mama. Akasema amesikia. Halafu akasema jirani hayupo leo, na kama nina nafasi nimtungie sindano.

Nilitunga sindano kumi. Uzi mweusi tano, mweupe tano. Ya nne ilinichukua muda kwa sababu macho yangu nayo yalikuwa yamejaa. Alikuwa ananisubiri kwa mkono wazi, akidhani nimeshamaliza. Hakuona kwamba nalia, na sikuwa na uso wa kumwambia.

Nimeapa. Sitasema tena kitu ambacho hakipo. Nimeliandika hapa na kulipigia mstari, na nimekuwa mkweli siku nzima.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nilikwenda kichwa chini. Nilikaa mwisho wa meza karibu na mlango, nikapewa shingo, nikaila kwa shukrani.

Mambo yalikwenda vizuri. Hakuna aliyetaja gari. Mwanyumba akamwambia mama mkwe asiwe na wasiwasi, mwezi wa sita si mbali, ameshaomba ruhusa kazini na kile kipande cha godoro hakitatolewa kwenye kiti. Mama mkwe akamshika mkono. Akasema atavumilia, ila kuna nguo ya mjukuu alitaka kuimaliza kabla shule hazijafunguliwa, basi. Alisema bila lawama.

Kila mtu akarudi kwenye sahani yake. Ningerudi na mimi kwenye yangu. Nilikuwa nimeshiba, nilikuwa nimesamehewa nusu, kilichobaki ilikuwa kutafuna tu. Lakini nilimtazama Mwanyumba alivyotulia, alivyo mwema, hata funguo hakuziweka mezani, na kitu kikanipanda kifuani.

Nikasema mwezi wa sita ni mbali sana. Nikasema pale hospitali nina mtu wangu, mkubwa kabisa, nimemtolea magodoro mazuri miaka yote, nikimpigia simu moja tarehe inarudishwa nyuma.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Uso wake wote ukafunguka, akautafuta uso wangu kwa yale macho yake yenye ukungu, akauliza ni kweli baba? Mke wangu akainuka akatoka nje. Mwanyumba akafungua pochi yake, akatoa ile karatasi ya hospitali, akanipa. Ninayo hapa. Nikasema ni kweli, mama, Jumatano utakuwa umeitwa.

Hali si mbaya kama inavyoonekana. Jumatano bado siku tatu. Kesho nikitoka kazini nitapita pale hospitali, nimuulize mlinzi wa getini huyo mkubwa wao anaitwa nani.